Jani Juu ya Mawe ya Kansenge

Chai ilikuwa tamu kupita kiasi. Inspekta Arlette alimeza funda moja, akalisikia likishuka polepole kooni, akakiweka kikombe juu ya goti. Uani kwa Mama Rosine watu walikuwa wamekaa kama watu wa matanga, ingawa hakuna aliyethubutu kulitaja neno hilo. Nzi walitoka kwenye beseni la migebuka ambayo haikuuzwa, wakatua kwenye midomo ya vikombe, wakarudi kwa samaki. Tangu Jumamosi Mama Rosine hakuwa amekanyaga soko. Leo ilikuwa Jumatatu, na harufu ya beseni lile ilikuwa imeanza kuwashinda hata wenyeji.

"Kunywa, Mama Inspekta," alisema Papa Cyprien akiinamisha termosi. "Tumbo bure halitafuti muntu."

Papa Cyprien alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mzee wa miaka hamsini na kitu, shati limepigwa pasi, mikono laini ya mtu anayenunua samaki kambini bila kuvua mwenyewe. Tangu binti wa Mama Rosine alipopotea, yeye ndiye aliyeongoza sala pale uani, yeye aliyeleta viti, yeye aliyeleta chai asubuhi na jioni. Watu walisema jirani wa namna hii humpati mara mbili.

"Majani gani haya?" Arlette aliuliza. Harufu yake ilimpanda puani kama ya dawa na keki kwa pamoja.

"Ya mudalasini. Muti uko kwangu nyuma ya nyumba, marehemu baba aliuleta toka Ujiji. Kalemie yote hauna mwenzake." Mzee alicheka kwa unyenyekevu. "Siachi muntu auguse, hata bibi yangu. Miye mwenyewe njo ninakatanga."

Arlette alimgeukia Mama Rosine. Mama alikuwa amekaa chini, kanga imefungwa kichwani vibaya, macho yamekauka kwa kulia. Glodie alikuwa mtoto wake wa pekee, msichana wa miaka ishirini.

"Mama, tuanze tena. Ule Jean-Luc, Glodie alimujua namna gani?"

"Kwa telefone. Mutoto anapendaka milima. Kwa Fesibuku kuko foto za milima ya huku kwetu, maporomoko, mawe, ziwa likionekana toka juu. Kijana akamuandikia: Miye ni wa Kabalo, ninatumika kwa gari-moshi, siyakanyaga Kalemie hata siku moja, utanionyesha? Basi wakaandikiana, miezi mingi. Jumamosi akafika."

"Alipita hapa nyumbani?"

"Njo kile nilikataa!" Mama Rosine alijipiga paja. "Nilimuambia Glodie: mugeni wa kweli anapita kwa mulango. Anasalimia, anakula bukari, tunajua kwao, halafu njo munaenda kutembea. Akanijibu: Mama, hizo ni za zamani. Nikamukataza. Asubuhi akatoka akisema anaenda kusukwa nywele."

"Na kijana, alikuwa anaandika maneno gani?"

"Eh, Mama Inspekta. Alimujua mutoto wangu kama walinyonya ziwa moja. Alijua hapendi kelele. Alijua siku ya kufa kwa baba yake hawezi kula. Alijua akikasirika anaenda kukaa peke yake kwa mawe ya pwani. Glodie aliniambia: Mama, hakuna muntu alisha kunisikia hivi."

Papa Cyprien alifyonza meno. "Telefone njo shetani. Nilikuambia tangu mbele, Mama Rosine."

"Uliniambia, Papa. Si kila jioni nilikuwa ninakuja kukulilia juu ya ile telefone?"

Arlette aliinua kikombe, akakirudisha bila kunywa. Nzi mmoja alikuwa ameshatumbukia.

Kilichomkaa rohoni hakikuwa chai. Mapema mwaka huu binti mwingine wa mji alikwenda kukutana na rafiki wa simuni, akavushwa ziwa usiku, na mpaka leo mama yake anauliza kila boti inayofunga. Mara hii kulikuwa na bahati moja tu: walinzi wa ziwa walikuwa wakizunguka majini tangu Jumamosi, na hakuna boti ya wizi iliyothubutu kutoka. Lakini jioni ya leo walinzi walikuwa wanarudi bandarini kujaza mafuta. Kama Glodie alikuwa bado upande huu, alikuwa na mchana huu mmoja.

Simu yake ililia. Sauti ya komanda ilikuwa kali: "Arlette, rudi mbio. Wamemukamata Jean-Luc kwa soko. Wako wanatafuta pineu za gari wamuchome."

Kasho ya komisaria, mahabusu ya polisi, ilinuka mkojo na jasho la woga. Kijana ambaye polisi walimpokonya sokoni na kumleta mbele ya meza alikuwa na mdomo umevimba, shati limebaki mkono mmoja. Arlette aliiweka picha ya Jean-Luc, ile ya Fesibuku iliyokuwa imezunguka kwa simu za mji mzima, kando ya uso wake. Uso ulikuwa uleule, kofia ileile, hata ule upara mdogo wa nyusi.

"Jina?"

"Joël."

"Na lingine?"

"Sina lingine, Mama. Foto njo yangu, jina hapana yangu."

"Nani alikupiga?"

"Wote. Kuko mama mumoja alinipiga na kambambili yake, halafu akaniuliza miye ni mutoto wa nani, juu uso wangu anaujua."

Polisi wa mlangoni alicheka. Arlette hakucheka. "Foto yako ilifika namna gani kwa telefone ya Glodie?"

"Mama, miye ni mupiga foto. Ndoa, ubatizo, matanga. Siku ya kupumzika ninapanda milima, ninaweka foto kwa Fesibuku ili watu waone nchi yao ni nzuri. Foto kwa Fesibuku ni kama nguo kwa kamba. Anayepita anavaa."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kwa ndoa, ngambo ya muto Lukuga, toka asubuhi mpaka giza. Muulize bibi harusi. Bado amenikasirikia, nilimukata kichwa kwa foto ya keki."

Arlette aliomba namba, akapiga papo hapo, akaweka sauti nje. Mwanamke aliitika, akasikia jina la Joël, na hakungoja swali. "Ule mupiga foto? Iko kwenu kwa kasho? Mumuache humo! Siku nzima nilikuwa naye mbele ya macho, akila nyama yangu, na hakuna foto hata moja yenye kichwa changu!"

Arlette alikata simu. Joël alijipangusa damu mdomoni akasema polepole, "Mama, anadanganya. Mbili ziko na kichwa."

Basi huyu alikuwa uso tu, uso ulioazimwa. Nje watu walikuwa bado wanapiga kelele kwenye lango. Kumfungulia kungekuwa kumuua. Arlette alifikiri kidogo, kisha akamwita dereva wa moto, pikipiki ya kubeba abiria, aliyekuwa anasubiri kwenye benchi tangu asubuhi. Aliitwa Papy, mtu mzima mwenye ndevu na jaketi la mvua. Alikuwa amekuja mwenyewe bila kuitwa, kwa sababu aliiona picha ya Glodie kwa simu za watu akamkumbuka.

"Rudia ile uliwaambia polisi."

"Nilimubeba Jumamosi asubuhi, Mama Inspekta. Nilimushusha chini ya mulima Kansenge, pale kijito kinakata njia. Iko na kikapu, ndizi za kukaanga ndani, njia yote zilininukia nikasikia njaa. Nilimuuliza: Nikungoje? Akasema: Hapana, kuko muntu ananingoja juu kidogo."

"Aliogopa?"

"Kuogopa? Alikuwa anacheka. Akaingia njia bila kuangalia nyuma."

"Joël, Kansenge unaijua?"

"Kama kitanda changu."

"Basi utatupandisha. Na pingu zako utakuwa nazo, juu ya wale wa nje. Wakiona pingu wataona kazi inafanyika."

Walitoka kwa mlango wa nyuma, watatu juu ya moto moja.

Kansenge si mlima mkubwa. Ila umesimama peke yake kusini mwa mji, na ukiupanda unaona maji mpaka macho yanachoka, unaona Lukuga ikitoka ziwani kama mkia, unaona reli na mabati ya mji yakimeta. Vijana wanaupenda kwa hilo. Arlette, ambaye alizaliwa Niemba na kukaa Kalemie kwa kazi tu, hakuwa ameupanda kamwe. Alivua viatu kuvuka kijito, akavivaa tena ng'ambo.

"Ungechukua jiwe, Mama," alisema Joël.

"Jiwe la nini?"

"La kwenda nalo juu. Weye ni mugeni wa mulima."

Hakueleza zaidi, alikuwa anahema. Arlette aliona upuuzi, lakini aliokota kokoto moja, akaitia mfukoni, akapanda huku macho yake yakiwa chini. Nyayo zilikuwa zimeoshwa na mvua ya jana. Kwenye kona ya kwanza aliona ganda la ndizi lililokauka. Kwenye kona ya pili aliona kikapu.

Kilikuwa kimetupwa chini ya kichaka, mdomo chini. Alikigeuza kwa kijiti. Ndizi za kukaanga, zile ambazo mtu alizipika alfajiri kwa ajili ya mgeni wake, zilikuwa zimegeuka uji mweusi na siafu walikuwa wameziingia kwa maelfu, zikitikisika kama kitu kilicho hai. Papy aligeuza uso. Arlette alisimama akiangalia mpaka mate yakamjaa mdomoni, akatema pembeni.

"Toka hapa alijua," alisema. "Muntu hatupi chakula cha mugeni wake. Alinyang'anywa."

Hapo juu kidogo njia ilifunguka kwenye kiwanja cha majani mafupi. Katikati lilikuwapo rundo la mawe la kufika kiunoni, mawe ya kila rangi, na juu yake majani, mengine makavu kabisa, mengine vumbi. Ziwa lote lilikuwa chini yao, la buluu, zuri, kana kwamba halijawahi kumtendea mtu ubaya.

"Hapa njo wanapigaka foto," alisema Joël.

"Na haya mawe?"

"Desturi, Mama. Anayepanda mara ya kwanza anachukua jiwe kwa kijito, anawekea mulima, ni kama kusema hodi. Anayerudi mara ingine haleti jiwe. Analeta jani la muti wa uani kwao. Hivi mulima unamukumbuka, unajua iko anatoka nyumba gani. Angalia, hili la mupera njo langu. Hili la parachichi njo la rafiki yangu."

"Na ukipanda bila kuweka kitu?"

"Hakuna muntu anajaribu." Joël alicheka kwa haya. "Wazee wanasema mulima ukikusahau, siku moja utapanda mahali na hautashuka. Miye sisadiki. Lakini ninawekaka."

Papy naye alikuwa ameshaweka kokoto yake, kimya kimya, mgongo amewageuzia.

Arlette alilizunguka rundo mara mbili. Mawe ya zamani yalikuwa makavu, yamepauka kwa jua. Ukiacha kokoto ya Papy, moja tu, la ukubwa wa ngumi, lilikuwa bado na utando wa kijani wa majini upande wa chini. Aliligusa. Lilikuwa na unyevu.

"Glodie alisha kupanda huku mbele?"

"Hapana," alisema Joël. "Hapa juu tunajuana wote. Ule simujui."

"Mama yake alimukatazaka milima yote. Basi hili jiwe njo lake. Alikuwa mugeni, akaleta jiwe. Jean-Luc wa Kabalo naye ni mugeni, hakukanyaga Kalemie hata siku moja. Jiwe lake liko wapi?"

Walitafuta wote watatu, Joël kwa mikono miwili iliyofungwa pamoja. Jiwe la pili lenye utando halikuwapo. Lakini ubavuni mwa jiwe la Glodie, limebanwa kwa kijiwe kidogo lisipeperuke, lilikuwapo jani. Nene, la kung'aa, bado kijani, na mishipa mitatu mirefu ikitoka shinani mpaka nchani kama njia tatu za mji mmoja.

"Hili si la mupera," alisema Arlette.

"Hapana. Hili… sijapata kuliona hapa."

Alilivunja ncha, akalisugua katikati ya vidole viwili, akalileta puani.

Dawa na keki kwa pamoja.

Ladha ya asubuhi ilimrudia kooni, ule utamu mzito, yule nzi, ile sauti ya taratibu: kunywa, tumbo bure halitafuti muntu. Arlette alikwenda mpaka ukingoni mwa kiwanja, akashika magoti yake, na lile funda la chai la kwa Mama Rosine likatoka.

"Mama Inspekta, ni jua?" Papy aliuliza.

"Siyo jua." Alijifuta kwa leso, kisha akalifunga jani katika pembe iliyo safi. "Jean-Luc hakuja. Jean-Luc hayuko. Aliyekuja na Glodie alisha kupanda huku zamani, na muti wa kwao uko mumoja tu Kalemie nzima. Upande ule kuna nini?"

Joël aliangalia chini, ng'ambo ya mlima. "Kambi ya wavuvi. Ilikuwa kambi. Maji yalipanda wakahama, mabanda tu njo yamebaki, na miti imeyafunika kichwani."

Mabanda mengi. Vichaka vingi. Mtu mmoja wa kulinda angeweza kumburuta msichana kutoka hili mpaka lile kabla polisi hawajafika nusu ya mteremko. Arlette aliangalia jua. Akageuka kushuka.

"Tunarudi?" Papy alishangaa. "Na mutoto?"

"Ninaenda kumuuliza mwenye kujua iko kwa banda gani. Sina mchana wa kutafuta yote."

Uani kwa Mama Rosine walikuwa wanaimba. Papa Cyprien alikuwa amesimama katikati, macho amefumba, mkono mmoja umewekwa juu ya kichwa cha mama. Mwizi wa mbali huja na panga. Wa karibu huja na sahani. Arlette alingoja wimbo uishe. Polisi wawili aliokuja nao walibaki kwenye mlango wa fensi kama watu waliokuja kusalimia.

"Habari, Mama Inspekta? Umepata kintu?" Mzee alikuwa wa kwanza kuuliza, na tayari alikuwa anaifungua termosi.

"Kidogo. Papa Cyprien, ulisha kupanda Kansenge?"

"Miye? Na haya magoti?" Alicheka, akawaangalia watu wacheke naye. "Hata siku moja."

"Hata utoto?"

"Sisi kwetu tulikuwa watu wa maji."

Arlette alikaa. Akaifungua leso juu ya goti lake, pale pale alipokuwa amekiweka kikombe asubuhi. Wanawake wa karibu waliinama kuangalia, na mmoja akasema bila kufikiri, "Aa, si njo ile ya chai?"

"Lilikuwa juu ya rundo la mawe," alisema Arlette.

Uso wa mzee haukubadilika. "Upepo unabebaka majani mbali."

"Upepo haulazi jani halafu ukaliwekea kijiwe juu."

"Basi mwizi. Kuko watu wanaruka ukuta wanaiba kwangu."

"Labda." Arlette alilishika jani kwa kikonyo, akalizungusha. "Siko na haja ya kubishana na mukubwa. Nilikuja tu kukuambia kintu kimoja. Lile jani nimelitoa. Njo hili hapa. Kule juu sikuweka lingine."

Papa Cyprien alikuwa ameshaanza kumimina chai. Termosi ilibaki imeinamishwa hewani, chai ikamwagika juu ya kiatu chake, na hakuondoa mguu. Hakumwangalia Arlette. Aliangalia jani.

"Ulilitoa?"

"Nililitoa."

"Na… haukulirudisha?"

"Kwa nini ningelirudisha?"

"Mama." Jasho lilikuwa limempasuka kwenye paji la uso. "Mama Inspekta, hauwezi kufanya vile. Weye siyo wa huku, haujui. Lirudishe. Mbele ya jua kuingia. Mulima utanisahau! Na miye nitapita tena njia ile jioni…"

Akasikia alichosema.

"Jioni unaenda kufanya nini Kansenge, Papa," Arlette aliuliza, "na haya magoti?"

Kwa siku hizo zote mtu huyu alikuwa amesimama mbele ya Mungu, mkono wake juu ya kichwa cha mama aliyemwibia, na sauti haikumtetemeka. Hakuliogopa jina alilokuwa analitaja kila asubuhi na kila jioni. Hakuogopa machozi. Jani moja ndilo lililomtoa jasho, tena kwa ajili ya roho yake mwenyewe. Arlette alikuwa ameona wauaji, alikuwa ameona walevi waliokata ndugu zao, na hakuna hata mmoja aliyemtia kichefuchefu hivi.

"Glodie iko kwa banda gani?"

"Iko muzima."

"Nimekuuliza banda."

"La mwisho. Karibu na maji, lenye mulango wa bati. Kuko kijana mumoja anamulinda. Miye sikumugusa, Mama, ninaapa, kazi yangu ni kuwafikisha tu, watu wa ngambo njo wenye…" Akanyoosha mkono kuelekea leso. "Sasa nimesema. Lirudishe."

Arlette alilikunja jani ndani ya leso, akalitia mfukoni, akafunga kifungo.

Polisi walipomshika mikono, Mama Rosine aliinuka. Watu walifikiri atampiga, wakampisha. Hakumpiga. Alisimama karibu naye sana, akamtazama usoni kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

"Weye njo Jean-Luc?"

Mzee alikuwa anaangalia mfuko wa Arlette.

"Kwamba hapendi kelele. Kwamba hali chakula siku ya baba yake. Kwamba anapendaka kuona ziwa toka juu." Sauti ya mama ilikuwa inashuka, inashuka. "Hakuna muntu alikuandikia hiyo. Miye njo nilikuambia. Kila jioni, hapo kwa ukuta. Nilikuwa ninakulilia, na weye ulikuwa unachota."

Kisha akainama, na yote aliyokunywa kutoka mkono wa jirani yake yakamtoka pale mbele ya watu.

Komanda aliwapigia walinzi wa ziwa kabla hawajaingia bandarini. Boti yao iliifuata kambi kwa upande wa maji, Arlette na polisi wake wakaushuka mlima kwa upande wa nchi, Joël akiwa mbele, sasa bila pingu, na Papy nyuma. Kijana wa kulinda alisikia mashine majini, akakimbilia nchi kavu, akaingia mikononi mwa Papy, ambaye alimkalia mgongoni na kukataa kuinuka mpaka aambiwe mara ya pili.

Mlango wa bati ulikuwa umefungwa kwa waya. Ndani kulikuwa giza, na uvundo wa mafuta ya samaki wa miaka mingi uliwapiga kama kofi. Glodie alikuwa amekaa chini ya dari ya kukaushia samaki kwa moshi, miguu imefungwa kwa kamba ya nyavu, masizi mpaka kwenye kope. Alipoona nguo za polisi hakulia. Aliuliza, "Mama yangu anajua?"

"Anajua. Anakungojea."

Arlette alizikata kamba mwenyewe. Ngozi ya vifundo ilikuwa imechubuka, na nzi walikuwa wameshapaona. Aliwafukuza kwa leso, akakumbuka kilichokuwamo, akatumia mkono.

"Nilimukuta Papa Cyprien juu ya kijito," Glodie alisema njiani, ndani ya boti, kana kwamba anamsimulia mtu mwingine. "Akasema Jean-Luc ni mutoto wa dada yake, ametangulia juu. Nikafurahi, nikajisemea sasa siko peke yangu na mugeni, niko na mukubwa wa kwetu. Mama atafurahi akijua. Tukapanda. Kila kona nilikuwa ninauliza, Papa, Jean-Luc iko wapi? Ananijibu, mbele kidogo. Kwa kona moja nikasema nimechoka, ninarudi. Akanipokonya kikapu na telefone, akanishika mukono kwa nguvu. Mbele kidogo. Tulifika kwa mawe. Akaniambia weka jiwe lako. Nikaweka, na yeye akaweka jani, akafanya alama ya musalaba." Akajifuta masizi kwenye kope. "Jean-Luc aliniandikiaka vizuri sana, Mama Inspekta. Mupaka sasa ninamungoja kidogo. Ni uchafu, eh?"

"Uchafu si wako," alisema Arlette.

Garini, mbele ya komisaria, Papa Cyprien aliuliza tena kama jani limerudishwa. Aliuliza kila polisi aliyepita. Hakuuliza habari ya msichana hata mara moja.

Jua lilikuwa bado halijazama walipomfikisha Glodie nyumbani. Lile beseni la samaki waliooza lilikuwa limekwisha kutupwa, uani pamefagiwa. Mama Rosine alimwogesha mtoto wake kwa maji ya moto, akamsugua mpaka masizi yakaisha, akaendelea kumsugua hata baada ya kuisha. Termosi ilikuwa juu ya ukuta, kifuniko wazi, hakuna aliyetaka kuigusa.

Mara hodi ikasikika mlangoni. Alikuwa jirani wa upande wa pili, mama mwema, mwenye watoto saba, na mkononi sufuria ya uji wa moto wenye maziwa.

"Nimemupikia mutoto," alisema. "Ameteseka, maskini. Anywe apate nguvu."

Mama Rosine alipokea kwa mikono miwili. Alishukuru, akamwuliza habari za watoto, akamsindikiza mpaka kwenye fensi kama inavyopasa. Kisha akarudi, akafunua sufuria, akanusa. Ulikuwa uji tu. Akanusa tena. Glodie alikuwa anamwangalia kutoka kitandani, na Arlette alikuwa anamwangalia kutoka mlangoni, wote wawili wakiwa na njaa.

Mama Rosine aliiweka sufuria chini, nje ya kizingiti, akafunga mlango. Kuku wakaja.